Uji, mashendea na changu wa chukuchuku: jiko la wagonjwa pale Kisiwandui

Ukifika pale, kabla hujasema unataka chakula gani, mama mwenyewe anakuuliza mgonjwa wako ana nini. Anatapika? Anaendesha? Anatafuna, au meno yamekwisha? Ana presha, ana sukari? Ukishamjibu ndipo anafunua chungu. Sijawahi kuulizwa hivyo kwenye mkahawa wowote hapa mjini, na kwa maswali hayo tu nimeona bora niandike, maana najua tuko wengi tunaohangaika na mgonjwa aliyelazwa Mnazi Mmoja au aliyelala nyumbani, na hatujui tumpe nini akala.

Jiko halina kibao. Liko Kisiwandui, hapa Zanzibar mjini, kwenye baraza ya nyumba ya zamani, ndani kidogo ukitoka barabara kubwa, na watu wa mtaa wanapaita "pale kwenye uji". Muulize yeyote utakayemkuta barazani, atakuonyesha. Kutoka hapo hadi hospitali unakwenda kwa miguu na chakula kinafika bado kina moto. Mama ni mtu mzima, anapika na binti yake na mkwe wake. Wana seredani tatu na jiko moja la gesi. Meza zipo mbili, lakini wateja wengi huchukua wakaondoka.

Mimi ni fundi cherehani. Bimkubwa aliugua homa ya matumbo, akalazwa, kisha akaruhusiwa kurudi nyumbani akiwa hawezi hata kukaa bila kuegemea mto. Daktari alisema apewe chakula laini, kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, na dawa azimalize zote hata akijiona mzima. Dawa zilikuwa rahisi. Kilichonishinda ni kupika mara nyingi kwa siku huku nguo za watu za sikukuu zinaningoja kwenye cherehani, na dada zangu wote wawili wako Pemba. Jirani ndiye aliyenielekeza Kisiwandui.

Nianze na uji wa uwanga, ule unga mweupe wa mizizi, kwa kuwa ndio uliomrudisha bimkubwa kwenye kula. Siku zile hakutaka hata harufu ya chakula. Kijiko kikikaribia tu, anageuza uso ukutani. Uwanga hauna harufu. Nilisimama nikaangalia unavyopikwa: mama anachota vijiko viwili vya unga, anauvuruga kwanza na maji ya baridi ndani ya kikombe mpaka lisibaki donge hata moja, na pembeni maji mengine yanachemka kwenye sufuria. Anamimina kwa mkono mmoja, mkono wa pili unazungusha mwiko na hausimami. Muda si muda ule weupe unaondoka, uji unakuwa maangavu hadi unakiona kitako cha sufuria, na mwiko unaanza kuwa mzito. Hapo hapo anaepua. Akiuacha motoni unavutika na kuwa mlenda, na mwenye kichefuchefu hawezi kabisa kitu cha mlenda. Anatia chumvi kiduchu, na hiliki moja iliyopondwa ukitaka. Bakuli ni shilingi 1,000.

Bimkubwa alikunywa vijiko vichache, akapumzika, akaomba tena. Nilivyorudi kumshukuru mama, akaniambia neno ambalo kwangu ndilo la muuguzi hasa: "Huu ni wa kushikilia, mwanangu, haujengi mwili. Kesho akiweza, njoo uchukue mashendea." Na ni kweli, uwanga ni wanga mtupu, hauna protini ya kusemwa, kumwachia mgonjwa uji huo peke yake siku nenda siku rudi ni kumdhoofisha. Mtu angeweza kuniuzia uji ule mwezi mzima na nisingejua. Yeye alinihamisha.

Mashendea sisi wengi nyumbani tunayapika kwa wali uliobaki: unaongeza maji, unaponda, yakawa. Pale yanaanzia kwenye mchele mbichi. Anatumia chenga, zile punje zilizovunjika ambazo dukani ni bei rahisi, maana zinalainika upesi. Maji mengi, makaa machache, na mfuniko umeachwa wazi kidogo. Hukoroga mara kwa mara mpaka punje zipasuke zenyewe, na ukichota kwa upawa yanashuka mazito, polepole. Kuna vyungu viwili. Kimoja ni cha maji na chumvi tu, hicho ni cha wanaoendesha na wanaotapika. Cha pili kimetiwa tui la kupopoo, yaani lile jepesi, kwa wale waliopona tumbo lakini hawana hamu. Kasimile, lile tui zito la kwanza, haingii kwenye chungu chochote, na nilipouliza kwa nini aliniambia mafuta yanakawia tumboni. Ukitaka ladha atakupa kijiti cha mdalasini ukamtilie mgonjwa kwenye bakuli, kisha ukitoe. Ni 1,500, na bakuli linawatosha wagonjwa wawili kwa jinsi wagonjwa wanavyokula.

Kwa ladha, mashendea ya tui ndiyo bora kuliko vyote vinavyopikwa pale. Mimi mwenyewe mzima wa afya nimekaa kwenye meza nikayala na kipande cha ndimu, na nimeondoka nimeshiba.

Supu ya kuku ni ya kuku wa kienyeji kweli, utaijua kwa mfupa wake mgumu na mchuzi wake wa manjano. Anachuna ngozi kabla ya kupika, anachemsha na tangawizi, kitunguu thomu na pilipili manga chache, kisha anaiacha ipoe na kuengua mafuta yanayoelea juu. Vile vidonge vya kukolezea supu hatumii. Kwa mgonjwa wa presha hilo ni jambo kubwa, maana vidonge vile vina chumvi nyingi na mtu hajui ametia kiasi gani. Bakuli lenye kipande kimoja ni 5,000. Ni ghali, sitaficha. Lakini anayejua bei ya kuku wa kienyeji Mwanakwerekwe atanielewa, na kwa mwenye mafua makali au aliyetoka kwenye homa, supu ile ya moto inafungua pua, inarudisha maji mwilini, na chumvi kidogo iliyomo mwili unaihitaji baada ya kutoka jasho usiku kucha. Waambie wakuchambulie nyama nyuzi nyuzi kwa mgonjwa asiye na nguvu ya kutafuna. Wanafanya bila kununa.

Changu wa chukuchuku nilimpenda kwa usafi wake. Samaki anachukuliwa asubuhi diko la Malindi, anaoshwa kwa ndimu, anapikwa na maji, chumvi, tungule moja, thomu na tangawizi. Mafuta hakuna, pilipili hakuna. Nyama yake ni nyeupe, laini, inaachana kwa kijiko. Kwa mtu anayetaka kuanza kujenga mwili bila kulitesa tumbo, sioni chakula kinachompita. Nusu samaki na mchuzi wake ni 6,000.

Lakini hapa nina malalamiko. Changu ana miba, tena ile midogo midogo ya ubavuni, na wao wanampeleka kama alivyo. Bimkubwa alikuta mwiba mdomoni, akautoa kwa vidole, akashtuka, na siku hiyo hakula tena. Mzee aliyelala, ambaye hata kumeza ni kazi, hapaswi kupewa samaki mwenye miba. Nilimweleza binti wa mama mpishi, akaomba radhi, na tangu hapo nikichukua samaki anakaa na sahani na kutoa miba mbele yangu. Hilo lingekuwa desturi kwa kila mteja, si kwa aliyelalamika tu. Au siku nyingine wangepika nguru, miba yake ni mikubwa na inaonekana.

Malalamiko ya pili ni sukari. Uji wa mchele wa asubuhi, ule unaochukuliwa na watu wengi, unatiwa sukari kwenye sufuria moja kwa moja, tena si haba. Kwenye wodi, kitanda cha jirani na bimkubwa alikuwepo bibi mwenye kisukari, na mwanawe alikuwa anamletea uji huo huo kutoka pale pale. Yule kijana aliagizia kwa simu na mtu wa bodaboda ndiye aliyekuja kuchukua, kwa hiyo yale maswali hayakuulizwa. Uji wa mchele hata bila sukari unapandisha sukari ya damu upesi, sembuse umetiwa vijiko. Ninamwomba mama apike uji wote bila sukari na atie kwa anayetaka, kwenye bakuli lake. Na sukari nyingi haimfai anayeendesha pia: inavuta maji kwenda kwenye utumbo na kuharisha kunazidi. Ndiyo maana soda na zile juisi za boksi tunazowabebea wagonjwa kwa mapenzi hazina faida kwa mtu wa tumbo.

Mseto wa choroko upo baadhi ya siku. Choroko zimeparazwa na kuoshwa maganda, zimepikwa pamoja na mchele hadi vyote vimevurugika. Ni 2,000. Mzuri kwa anayepata nafuu, mzito kwa aliye hoi.

Mjukuu wa jirani yangu, mtoto wa mwaka na nusu, alikuwa na tumbo la kuendesha lililokataa kwisha hata baada ya kutibiwa hospitali. Mama wa jikoni alimpikia ndizi mbichi, akazichemsha na maganda yake hadi zikalainika, akazimenya, akazisaga na mashendea ya chumvi. Mimi nilidhani ni mambo ya bibi zetu tu. Nikamuuliza nesi anayekaa mtaani kwetu, naye akaniambia kule Bangladesh watafiti walijaribu ndizi mbichi zilizopikwa kwa watoto wanaoharisha kwa muda mrefu, wakachapisha matokeo yao 2001, na zilisaidia. Bibi zetu walikuwa wanajua. Nesi akaongeza kuwa mtoto anayenyonya asiachishwe hata siku moja kwa sababu ya tumbo, na kwamba vidonge vya zinki anavyoandikiwa apewe hadi viishe, siku 10 hadi 14, hata kama choo kimekuwa kigumu mapema.

Jambo lililonifanya nimwamini mama huyu kabisa halikuwa la chakula. Nilikuwa nangoja mashendea yangu, akaja kijana mmoja mbio, anataka uji wa mtoto wake anayeendesha. Mama akaanza maswali yake. Amekojoa tangu asubuhi? Hajakojoa. Akilia anatoa machozi? Hatoi. Macho yakoje? Yamezama. Mama akafunika chungu. "Baba, uji hapa hupati. Mpeleke hospitali sasa hivi, na njiani mpe dawa ya chumvi kijiko kijiko, usingoje." Akamtuma mkwe wake dukani kununua pakiti ya dawa hiyo, ile ya ORS, akaivuruga kwenye lita moja ya maji ya kunywa, akampa kijana chupa na kijiko. Hakuchukua hata senti. Baadaye alituambia sisi tuliokuwa pale, pakiti moja ni lita moja ya maji safi, wala usipunguze maji ukidhani itakuwa kali zaidi, na ikilala zaidi ya saa 24 imwage uchanganye nyingine. Kama pakiti hazipatikani, lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, sukari vijiko sita vya chai vilivyofutwa usawa, chumvi nusu kijiko. Chumvi ikizidi ni hatari kwa mtoto, kwa hiyo kipimo ni kipimo.

Mteja mmoja akauliza kama madafu hayatoshi. Hili nimelisikia sana kwetu, na dafu ni zuri, linaburudisha na lina potasiamu nyingi. Ila sodiamu yake ni kidogo, na anayeendesha maji tupu anapoteza sodiamu kwa wingi. Mama hauzi madafu, lakini alijibu sawasawa: mpe dafu anywe kwa raha yake, na dawa ya chumvi umpe vilevile.

Vinywaji wanavyouza wenyewe ni vichache. Chai ya mkandaa, yaani isiyo na maziwa, ya tangawizi ni ya kuchemshwa hasa, tangawizi imepondwa haikukatwa tu, na imemsaidia bimkubwa kwenye kichefuchefu kuliko nilivyotarajia. Chai ya mchaichai wanayo pia. Msimu wa baridi, na kila siku ya Ramadhani jioni, kuna uji wa pilipili manga, mtamu wenye nazi, unaunguza koo vizuri. Huo ni wa mafua na kifua. Usimpelekee mtu mwenye vidonda vya tumbo, na usidanganyike kuwa kila kinachoitwa uji ni cha kila mgonjwa.

Sasa niseme na sisi tunaokwenda kutazama wagonjwa. Nimeona wodini watu wanaingia na pilau, na sambusa, na mfuko wa urojo wenye ukwaju, bajia na pilipili, wanamwekea mgonjwa aliyetapika usiku mzima. Wanasema "ale apate nguvu". Urojo ni chakula chetu, naupenda, lakini mtu mwenye tumbo bichi akila ukwaju na pilipili anaungua mara mbili. Mapenzi yako yapeleke Kisiwandui kwa shilingi 1,500, mpelekee mashendea, kisha kaa naye umlishe polepole. Na kama ametoka kufanyiwa upasuaji, waulize manesi kwanza kama amesharuhusiwa kula, hata uji.

Usafi wa jiko ni mzuri. Maji ya kunawa yana sabuni, maji ya kupikia yako kwenye mapipa yenye vifuniko, na mwiko haukai chini. Mji wetu umeshapigwa na kipindupindu zaidi ya mara moja, kwa hiyo mimi hutazama hayo kabla ya kuangalia bei. Sikupenda kitu kimoja: asiyekuja na chombo anatiliwa uji wa moto kwenye kopo la plastiki jepesi, linalolegea mkononi. Hotipoti ndiyo salama, na chakula kinabaki moto. Njoo na yako. Kwa uji na supu chupa ya chai yenye mdomo mpana inafaa zaidi.

Huduma ni ya upole, lakini usitegemee haraka. Saa moja asubuhi kunakuwa na watu wengi wanaowahi wodini, na foleni inatambaa kwa sababu kila mmoja anaulizwa maswali. Mimi sikuchukia. Aliyekuwa nyuma yangu siku moja alichukia, akaondoka, na ni haki yake.

Kinachonisikitisha ni saa. Wanafungua baada ya sala ya alfajiri na ikifika saa nane mchana vyungu vimeshaoshwa. Ijumaa wanafunga mapema zaidi. Mgonjwa anayekula mara nyingi anahitaji pia jioni na usiku, na hapo unarudi kwenye jiko lako. Niliyoyajifunza kwa kuwaangalia ndiyo yaliyoniokoa: chenga nusu kikombe, maji vikombe vitano, chumvi kidogo, moto mdogo, na subira. Mama hakuninyima maelekezo, ingawa alijua nikijua nitanunua kidogo. Hata unga wa uwanga aliniuzia kwa bei aliyonunulia yeye, anauletewa kutoka shamba.

Kwa mgonjwa asiye na hamu, chukua uji wa uwanga. Siku ya pili au ya tatu, mashendea ya chumvi, halafu ya tui. Supu ukiwa na fedha. Changu akiwa ameanza kukaa mwenyewe, na simama pale pale hadi miba iishe kutolewa. Ukiagizia kwa mtu wa bodaboda, piga simu kwanza uzungumze na mama mwenyewe kuhusu mgonjwa wako, na useme wazi: usitie sukari. Nambari ya simu imeandikwa kwa chaki ukutani juu ya seredani ya katikati, na ikifutika mkwe wake anayo.